Klasta ya hifadhi imegoma? Zunguka nyuma ya raki kwanza

Simu huja kwa maneno yale yale: "Fundi, zile seva za hifadhi zimekataa." Nikifika naonyeshwa skrini. Kijana wa TEHAMA amekesha akihariri faili za usanidi, amesakinisha programu upya mara mbili, na bosi wake keshaanza kuulizia bei ya diski mpya. Namsalimu, naomba tochi, nazunguka nyuma ya raki. Kazi zangu nyingi ziko kati ya Busia, Jinja na Kampala, na klasta mpya inayosumbua huwa inaumwa huko nyuma: waya wa umeme uliochomekwa pasipo pake, kebo ya mtandao ya bei ya kutupwa, swichi iliyosahauliwa nje ya UPS, lile boksi la betri linalobeba mzigo umeme ukikatika.

Kwa hiyo nazungumzia siku ile kabla ya amri ya kwanza. Seva zimeshafungwa kwenye raki, hazina data ya mtu, bado una ruhusa ya kuzizima utakavyo. Mfano wangu ni klasta ya Ceph, programu inayounganisha seva kadhaa ziwe hifadhi moja ya data. Ina nodi 3, yaani seva 3. Kila nodi ina pawa saplai 2, poti 2 za gigabiti 10 za data, poti 1 ya gigabiti 1 ya usimamizi, na poti 1 ya BMC, ile kompyuta ndogo ndani ya seva inayokuruhusu kuiwasha na kuizima ukiwa nyumbani. Jumla ni kebo 18. Kama wewe una kile kifaa cha kontrola 2 zinazolindana, majina yatabadilika, dalili hazitabadilika.

Kebo 18 hazikai kichwani. Chukua karatasi, andika kila kebo inatoka poti gani, inaingia wapi, ina anwani gani ya IP na iko VLAN ipi, yaani mtandao upi kati ya ile iliyogawanywa ndani ya swichi. Kisha bandika lebo ncha zote mbili. Nasisitiza zote mbili, maana lebo ya upande mmoja humsaidia aliyeibandika tu, tena siku hiyo hiyo tu.

## Ukiigusa raki inakuuma kidoleni

Si mshtuko wa kukurusha. Ni kama siafu anakutekenya unapopitisha mgongo wa kidole kwenye chuma. Watu hucheka na kuzoea. Usizoee: hiyo ni alama kwamba waya wa ardhi haupo, hata kama soketi ina matundu matatu.

Ndani ya kila pawa saplai kuna kichujio kinachovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye ardhi. Waya wa ardhi ukiwa mzima, umeme huo unapita na kuondoka bila mtu kujua. Ukiwa umekatika, kasha lote la seva linapanda hadi karibu nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 120 hivi. Nodi tatu, swichi mbili, wote wanamwaga kwenye chuma hicho hicho, na chuma kinamsubiri mtu wa kukigusa.

Pima kwenye soketi yenyewe. Umeme wetu Uganda ni volti 240, hezi 50. Kati ya waya wa moto na nyutro utaona kama 240, labda pungufu kidogo jioni watu wakipika. Kati ya moto na ardhi iwe karibu hiyo hiyo. Kati ya nyutro na ardhi iwe volti moja au mbili, isizidi sana hapo. Ukisoma 240 kwenye kipimo cha kwanza halafu 110 au 130 kwenye cha pili, ardhi inaelea. Ukisoma makumi ya volti kati ya nyutro na ardhi, kuna kiungo kilicholegea mahali, na hapo simama kabisa. Kwenye jengo la fezi tatu, nyutro ikiachia njia nzima, fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea 415. Pawa saplai za seva hazikutengenezwa kuvumilia hivyo.

Kama hujawahi kuingiza vidole vya mita kwenye soketi yenye moto, usijifunzie kwangu. Mwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, mwambie akuonyeshe chuma cha ardhi kiko wapi. Niliwahi kuonyeshwa kikiwa kimechimbiwa chini ya veranda iliyoezekwa, udongo mkavu kama unga, mvua haijaugusa miaka. Chuma kilikuwepo, ardhi haikuwepo. Kilihamishiwa bustanini na kuumwa-umwa kukaisha siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa ukanda wetu wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi barani Afrika: usipitishe kebo ya shaba ya mtandao kutoka jengo moja hadi jingine. Tumia fiba. Radi ikipiga jirani, shaba inaleta salamu hadi ndani ya swichi, na swichi inazigawa kwa nodi zote.

## Unachomoa waya mmoja, nodi inazimika

Pawa saplai mbili zimewekwa ili moja ikifa nyingine ibebe. Sasa umechomoa moja kujaribu, na nodi imezima. Tafuta kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, ile nyingine ilikuwa inafanya kazi? Taa ya kijani nyuma yake iwe imetulia. Taa ya njano au inayopepesa maana yake inapata umeme lakini haitoi, au haipati kabisa. Sukuma plagi ya upande wa seva kwa nguvu kidogo. Hizi za matundu matatu bapa huonekana zimeingia kumbe zimesimama njiani. Kisha tazama ncha ya ukutani. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani, na nyaya nyingine zinazokuja na skrini au birika zimewekwa fyuzi ndogo ya ampea 5 au hata 3. Tetua kifuniko kidogo kati ya miguu kwa bisibisi, usome namba iliyoandikwa kwenye fyuzi.

Pili, fuata nyaya zote mbili kwa mkono, si kwa macho, hadi mwisho. Mara nyingi zinaingia kwenye PDU moja, ile ekstensheni ya raki yenye soketi nyingi. Au ni PDU mbili nzuri kabisa, moja kushoto moja kulia, zote zimechomekwa kwenye UPS moja. Au UPS mbili, zote kwenye breka moja. Urari wa kweli unaanzia kwenye breka: A ina breka yake, UPS yake, PDU yake, B vivyo hivyo. Mimi hununua nyaya za rangi mbili, nyeusi kwa A na nyekundu kwa B, na nyuma ya seva kila nodi iwe na moja ya kila rangi. Mtu wa usafi anaweza kuona kosa.

Tatu, na hili ndilo linalowapata wenye kujiamini: hesabu. Tuseme kila nodi inakula wati 450 ikiwa na shughuli, na kila swichi wati 150. Nodi 3 ni 1,350, swichi 2 ni 300, jumla wati 1,650, ambayo kwa volti 240 ni ampea 6.9. Ukiwa na UPS mbili, kila moja inabeba nusu, wati 825 hivi. Skrini yake inaonyesha mzigo wa nusu tu, kila mtu anafurahi. UPS hiyo imeandikwa VA 2,000 kwa herufi kubwa mbele, lakini geuza usome kibandiko cha nyuma: wati 1,600. Siku A ikizima, B inabebeshwa 1,650, inalia, na baada ya muda mfupi inaangusha mzigo wote. Ulinunua mbili ili upate usalama, ukapata njia mbili za kuzima kila kitu.

Kwa hiyo soma wati, usisome VA, na hakikisha kila upande unaweza kubeba jumla yote peke yake na nafasi ibaki. Plagi moja ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,120 kwa hesabu ya darasani, ila usiiendeshe huko siku nzima. Gusa plagi baada ya saa moja, ikiwa ya moto punguza.

## Jenereta inanguruma, UPS bado inakula betri

Umeme umekatika, jenereta imewaka, taa za ofisi zimerudi, feni zinazunguka. Lakini UPS haijanyamaza: tii, tii, tii. Dakika ishirini baadaye betri inaisha na seva zinazima huku jenereta ikiendelea kunguruma nje. Mwenye ofisi anadhani UPS imekufa.

UPS inakataa umeme wa jenereta kwa sababu haiupendi. Jenereta ndogo mzigo ukiingia na kutoka, mzunguko wake unapanda na kushuka, 47, 52, 49. UPS imewekwa kukubali tofauti ndogo tu na 50, hivyo inaona afadhali betri. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta kiwango cha mzunguko na volti kinachokubalika upande wa kuingia, ukipanue. Zile za kugeuza umeme mara mbili huvumilia zaidi kuliko zile za bei nafuu zinazopitisha umeme moja kwa moja. Ikishindikana, tatizo ni gavana (kidhibiti mwendo) ya jenereta au jenereta yenyewe ni ndogo mno, na hapo anahitajika fundi wa jenereta.

Jamaa yake wa karibu ni inveta ya sola. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la mraba badala ya wimbi laini. Redio na balbu hazijali. Pawa saplai za seva za siku hizi zinajali: zinaguguma, zinapata moto, au zinajizima papo hapo inveta inapochukua zamu. Kama ofisi ina inveta, uliza imeandikwa wimbi laini au la kabla hujaitegemea.

Halafu kuna yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nimeendesha gari kutoka Kampala hadi Jinja kwenda kutafuta "hitilafu ya umeme" ya chumba cha seva, nikakuta uniti zimeisha kwenye mita. Chumba hicho kilikuwa kinatumia mita moja na kantini, na kantini ilikuwa na majiko mawili ya umeme.

## Taa ya poti ni ya kijani, nodi hazionani

Taa ya kijani inasema waya umefika mahali. Haisemi umefika wapi. Anza kwa kuuliza nodi ina poti zipi na zipi ziko hai:

`ip -br link`

Majina ya poti kwenye Linux hayafuati mpangilio wa macho yako. Unayoidhani ya kwanza kushoto inaweza kuwa ya tatu. Usibahatishe; iamuru poti ipepese taa yake, kisha nenda nyuma ukaione:

`ethtool -p enp3s0f0 15`

Sekunde 15 zinatosha kuzunguka raki. Kama swichi inajitangaza kwa LLDP, `lldpctl` itakuambia hata namba ya poti ya swichi uliyochomekwa, na unalinganisha na ile karatasi. Hapa ndipo karatasi inalipa.

Poti ni sahihi na bado kimya? Mara nyingi ni VLAN: poti ya swichi imeachwa kwenye VLAN ya kiwandani wakati nodi wenzake wako kwingine. Au IP mbili zinafanana, kwa sababu mtu alinakili faili ya nodi ya kwanza kwenda ya pili na kusahau kubadilisha tarakimu moja. Dalili yake ni mawasiliano yanayokuja na kupotea kila dakika chache. `arping -D` kwenye anwani hiyo itamtaja mwizi. Au ukuta wa moto: monita za Ceph, zinazosimamia hali ya klasta, zinahitaji poti za programu (si za waya) 3300 na 6789, na OSD, programu zinazoendesha diski, zinatumia kuanzia 6800 kwenda juu. Ping, ule ujumbe mdogo wa kuuliza kama nodi ipo, hupita kwenye ukuta uliofunga hizo zote, kwa hiyo ping isikudanganye.

BMC ina ujanja wake. Seva nyingi zimewekwa hivi: poti maalumu ya BMC ikikosa kebo wakati seva inapata umeme, BMC inahamia kwenye poti ya kwanza ya kawaida. Ndiyo maana unachomeka kebo baadaye na BMC haijibu: imeshaondoka, iko kwenye mtandao wa data inaomba anwani. Ingia bayosi (mipangilio ya msingi ya seva), iambie BMC ikae kwenye poti yake tu, kisha chomoa nyaya zote mbili za umeme kwa nusu dakika ndipo ikubali. Na badilisha nywila iliyo kwenye kibandiko.

## Ping inapita, data haipiti

Huyu ndiye mchawi wa klasta, na namshuku kabla ya diski. Nodi zinaonana. SSH inaingia. Unaanzisha klasta, inakubali. Unaandika faili kubwa na kila kitu kinakwama. OSD zinaonekana zinakufa na kufufuka, `ceph -s` inalalamika kuhusu shughuli zinazochelewa, na hakuna kebo iliyokatika.

Mtu aliwasha fremu kubwa za MTU 9000 (MTU ni ukubwa wa juu wa ujumbe mmoja, kwa baiti) kwenye nodi ili kuongeza kasi, na mahali fulani njiani kuna poti iliyobaki 1500. Ujumbe mdogo unapita kwa raha. Ujumbe mkubwa unafika pale mlangoni na kutupwa bila mtu kuambiwa. Ping ya kawaida ni baiti 64 tu, ndiyo maana inakuletea habari njema siku zote.

Pima kwa mzigo wa ukubwa kamili, na ukataze kugawanywa:

`ping -M do -s 8972 10.20.0.12`

Ni 8972 kwa sababu baiti 28 zinaliwa na vichwa vya ujumbe, na jumla inakuwa 9000. Fanya kutoka kila nodi kwenda kila nodi, pande zote mbili. Kwa nodi 3 ni vipimo 6. Usiruke hata kimoja, maana nimekuta njia inayopita kwenda na kukataa kurudi. Kwenye swichi weka kiwango cha juu zaidi, 9216 ndicho swichi nyingi hukubali, na kumbuka kuweka pia kwenye VLAN na kwenye bondi (poti mbili zilizofungwa pamoja kama moja), si kwenye poti peke yake.

Maoni yangu, na wapo watakaopinga: kama klasta ni ya nodi 3 na hujawahi kuisimamia, acha 1500 kila mahali. Faida ya fremu kubwa kwa ukubwa huo ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kumtafuta mchawi.

## Poti mbili za 10 zinatoa 10, au hazitoi kitu

Kwanza, mkondo mmoja hauzidi upana wa poti moja. Ukinakili faili moja kutoka nodi moja kwenda nyingine utapata gigabiti 10, si 20. Hilo si kosa. Bondi inagawa mikondo, haigawi mkondo.

Kama haitoi kitu, soma `cat /proc/net/bonding/bond0`. Ukiona anwani ya mwenza ni sifuri tupu, swichi haizungumzi LACP, lugha ya kufunga poti pamoja: upande wa nodi umewekwa, upande wa swichi umesahauliwa. Kama umechomeka poti moja kwenye swichi ya kwanza na nyingine kwenye swichi ya pili, hizo swichi lazima ziwe za aina inayoweza kujifanya swichi moja. Zikiwa swichi mbili za kawaida zisizojuana, LACP haitakufaa. Tumia bondi ya moja kufanya kazi na nyingine kusubiri. Inatoa kasi ya poti moja, lakini swichi moja ikifa kazi inaendelea, na hicho ndicho ulichokitaka.

## Kasi imeshuka hadi megabiti 100

`ethtool` inakuambia 100 badala ya 1000. Gigabiti 1 kwenye shaba inahitaji jozi zote 4 za nyuzi. 100 inaridhika na jozi 2. Kwa hiyo jozi moja imekatika au kichwa kimebanwa vibaya. Kata kichwa, banza kipya.

Ukibanza ukaona waya unakatika wenyewe kwenye vidole, ukwangue kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukigeuka mweupe, umenunua aluminiamu iliyopakwa shaba. Boksi huwa na maandishi mazuri ya Cat6 na ni jepesi kubeba begani, na wepesi huo ndio ungekushtua dukani. Kebo hizo huongeza makosa taratibu. Angalia kama idadi ya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) kwenye `ethtool -S` inapanda ukiwa unanakili data. Kwa gigabiti 10 ndani ya raki moja mimi sitengenezi kebo kwa mkono. Nanunua zile fupi zenye vichwa vyake tayari pande zote mbili, ila nauliza kwanza swichi inakubali vichwa vya kampuni ipi, kwa sababu swichi nyingine hukataa kichwa cha mgeni na poti inabaki giza.

## Saa zinapingana

Monita za Ceph zinavumilia tofauti ya sekunde 0.05 tu kati ya saa zao. Zaidi ya hapo ni onyo, na zikiachana sana zinaanza kukataana. Sakinisha chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye kila nodi kabla ya klasta, zote zisome chanzo kimoja, africa.pool.ntp.org inatosha kuanzia, lakini teua pia nodi au ruta moja ndani ya ofisi iwe rejea ya wenzake, ili intaneti ikikatika saa zikosee kwa pamoja. `chronyc sources` ionyeshe nyota mbele ya chanzo kimoja.

Nodi moja ikirudi kila mara na tarehe ya miaka iliyopita baada ya kukatika umeme, fungua kifuniko ubadilishe betri ya CR2032 kwenye bodi kuu. Ni ile bapa kama shilingi.

Kuna saa nyingine inayopingana na hii haiponi kwa chrony. Nilikuwa nachunguza klasta iliyozima usiku. Logi ilisema 00:04. Nikamuuliza askari wa zamu: "Afande, umeme ulikatika saa ngapi?" Akajibu bila kusita, "Saa tisa, ssebo." Nikasema basi kuna matukio mawili, moja la saa sita usiku na jingine la saa tisa, na nikapoteza asubuhi nzima nikitafuta lile la kwanza. Seva ilikuwa imewekwa kwenye UTC. Ongeza saa 3 za Afrika Mashariki, 00:04 inakuwa 03:04, na 03:04 kwa mtu anayehesabu Kiswahili ni saa tisa na dakika nne usiku. Afande alikuwa sahihi kuliko mimi. Siku hizi naandika kwenye mlango wa raki: "Logi ni UTC."

## Umeme umerudi, klasta haijarudi

Hapa pana sababu nne, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Bayosi ya kila nodi ina swali: umeme ukirudi baada ya kukatika, nifanye nini? Majibu ni kubaki imezima, kuwaka, au kurudi ilivyokuwa. Kiwandani hazifanani. Chagua moja kwa nodi zote.

Swichi zinachukua muda mrefu kuwaka kuliko unavyodhani, na zikishawaka, poti yenye STP ya kawaida (kinga ya mtandao kujizunguka) inakaa sekunde 30 ikisikiliza kabla ya kupitisha kitu. Nodi inaamka, inaomba mtandao, haiupati, inakata tamaa. Ziambie poti za seva kwenye swichi kwamba ni za pembeni ili zifunguke mara moja, na uicheleweshe seva kidogo kwenye bayosi kama ina uwezo huo. Bila shaka dawa kubwa ni swichi kuwa kwenye UPS. Nimeona UPS nzuri sana inalinda seva tatu huku swichi ikiwa kwenye ekstensheni ya ukutani pamoja na chaja ya simu.

Ya tatu ni kuku na yai. Seva ya DNS (inayotafsiri majina) au DHCP (inayogawa anwani), au hata rejea ya saa, iko ndani ya mashine pepe, na diski ya mashine pepe hiyo imehifadhiwa kwenye klasta hii hii. Klasta inasubiri jina litafsiriwe. Mtafsiri yumo ndani ya klasta. Mchana hutaligundua kwa sababu vyote viko hai. Kwa hiyo anwani za nodi ziwe za kudumu, majina yaandikwe kwenye `/etc/hosts` ya kila nodi, na saa itoke kwenye kifaa kisichotegemea klasta.

Ya nne ni kuzima vibaya. Weka programu ya NUT isome UPS kwa kebo ya USB na kuzima nodi kwa adabu betri ikishuka. Kumbuka kwamba ili ujumbe wa kuzima ufike kwa nodi nyingine, swichi lazima iwe bado hai. Ukizima kwa mkono, simamisha kwanza mashine zinazotumia hifadhi, andika `ceph osd set noout` ili klasta isianze kujijengea nakala upya, ndipo uzime nodi. Kuwasha ni kinyume: swichi, subiri taa zitulie, kisha nodi.

## Siku ya kuchomoa

Usikabidhi kazi kabla hujaichomoa mwenyewe. Tengeneza bwawa (sehemu ya hifadhi) la majaribio, anzisha uandishi wa dakika 10 kwa `rados bench -p jaribio 600 write`, weka noout, na mtu mmoja akae kwenye skrini ya `ceph -s` mwingine awe nyuma ya raki.

Chomoa PDU A yote. Kasi isibadilike hata kidogo, UPS B isilie. Rudisha, subiri taa za pawa saplai A zote ziwe kijani, kisha chomoa B. Zima swichi ya kwanza: kutakuwa na kigugumizi kifupi, halafu uandishi uendelee. Ukisimama moja kwa moja, rudi kwenye bondi. Mwisho izime nodi ya pili kwa kuchomoa nyaya zake zote mbili. Uandishi unaweza kukwama kwa muda wa sekunde 20 hivi, ambao ndio OSD husubiri kabla ya kumtangaza mwenzao kuwa amekufa, kisha uendelee ukiwa na onyo. Kwa nakala 3 zinazohitaji angalau 2, nodi moja kutokuwepo haizuii kazi. Mbili kutokuwepo itazuia, na ni haki yake. Monita pia zinahitaji wengi wawepo, 2 kati ya 3, na ndiyo sababu sifungi klasta ya monita 2 hata mteja akilia bajeti.

Rudisha nodi, subiri hadi hesabu ya nakala zilizokosekana ifike sifuri, futa bwawa la majaribio, na andika `ceph osd unset noout`. Hii ya mwisho husahaulika, na bila hiyo klasta ya nodi 4 au zaidi haitajijengea nakala upya nodi ikifa kweli. Kisha picha ya nyuma ya raki kwa simu, nakala ya ile karatasi ndani ya mlango, na namba yangu ya simu kwa afande wa zamu ya usiku.